Waya Uliokuwa Antena

Mtu wa Uvira anayefungua redio ya FM iliyomo ndani ya simu yake ya Tecno au ya itel, bila ya kuchomeka kitu chochote, aghalabu hukuta simu imekataa kusema, na badala yake imemwandikia kwamba sharti kwanza aunganishe hedifoni. Na hedifoni inayotakiwa hapo ni ile ya waya, ambayo sisi kwa kufuata Kifaransa twaiita ekuteri, wala si hizi za Bluetooth ambazo vijana huzitoa katika vikasha vyake kwa fahari na kuzivaa masikioni kama vipuli. Sababu yake ni ya elimu ya mawimbi. Wimbi la FM lina urefu wa karibu mita 3, na waya ulidakao vizuri ni ule wenye robo ya urefu huo, yaani sentimita 75 hivi. Basi watengenezaji wa simu, walipokosa nafasi ya kuweka antena ya kuvuta kama ya redio za zamani, waliona kwamba waya wa hedifoni, ambao ni kama mita moja, waweza kuifanya kazi hiyo bila ya gharama. Hivyo waya ule mwembamba, unaojisokota mfukoni na kunyamaza upande mmoja baada ya muda mfupi, ulikuwa na huduma mbili: uliidaka habari hewani, na uliifikisha sikioni. Hedifoni isiyo na waya imeishika huduma ya pili na kuiacha ya kwanza. Pengine katika nchi nyingine jambo hili ni dogo. Kwetu, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, si dogo hata kidogo, na tarehe ya usikilizaji wa pwani hii ndiyo iliyo shahidi.

Uvira umekaa kati ya ukuta na uwazi. Nyuma yake, upande wa magharibi, imesimama milima ya Mitumba; mbele yake yametandaa maji, na ng'ambo ya pembe ya kaskazini ya ziwa, baada ya mpaka wa Kavimvira na mdomo wa mto Ruzizi, iko Bujumbura, ambayo taa zake huonekana usiku kutoka ufukoni. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka, hayapandi mlima yakashuka upande wa pili, bali juu ya maji yasiyo na kizuizi hupita kwa raha. Kwa ajili hiyo sikio la Uvira lilielekea Bujumbura kwa wepesi kuliko lilivyoelekea Kinshasa, mji mkuu wake, ulio mbali kiasi cha kilomita 1,500, nyuma ya ukuta ule wa milima na misitu.

Zamani za misafara habari zilikuja kwa kinywa. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, wakitokea Ujiji kwa mitumbwi, swali lililowakera lilikuwa kama Ruzizi hutoka ziwani au huingia. Mlango wa mto wenyewe hawakuuona, lakini wenyeji waliwaambia kwamba waingia, na Livingstone na Stanley, waliokwenda kutazama kwa macho yao Novemba 1871, walikuta wenyeji walisema kweli. Kisha ikaja enzi ya wamisionari. Mwaka 1921 wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifanya makao Uvira, na katika kazi yao ndimo lilimotoka kanisa linalojulikana leo kwa jina la CEPAC. Misheni za mashariki ya Kongo, baadaye, zilikuja kuwasiliana kwa mitambo ya mawimbi mafupi iliyoitwa phonie, na aliyeketi mbele ya mtambo wa namna hiyo, huku amefunikwa masikio ili asikie sauti hafifu katikati ya makelele ya hewa, ndiye babu wa kila kijana anayepita leo njiani na ekuteri zake.

Chombo hicho cha kichwani asili yake ni jikoni. Nathaniel Baldwin, mtu wa Utah huko Marekani, alikiunda jikoni mwake, na mwaka 1910 akalipelekea Jeshi la Majini la Marekani, ambalo lilikijaribu na kukipenda, kwa sababu baharini, katikati ya injini na upepo, sauti ya simu ya upepo ilipotea kabla ya kumfikia msikilizaji. Kwa karibu nusu karne hedifoni ikabaki kuwa ala ya kazi, ya askari na ya mpiga simu, hata John Koss wa Milwaukee alipoonyesha, mwaka 1958, hedifoni ya stereo iliyokusudiwa starehe ya muziki. Na mwezi wa Julai 1979 Sony ya Japani ikauza Walkman, mtu akaanza kutembea na muziki ambao jirani yake hausikii.

Lakini huku kwetu, wakati huo na kabla yake, sauti ilikuwa mali ya wote. Transista zilipoenea, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, redio haikuhitaji tena umeme wa ukutani, betri zilitosha, na redio moja ikawa ya mtaa mzima. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa imeanza Juni 1957. Mwenye redio aliitoa nje jioni, akaiweka juu ya kiti au dirishani, akaizungusha kidogo kidogo hata sauti ikatulia, na watu wakakaa kimya. Na taarifa ilipokwisha, taarifa ya pili ndipo ilipoanza, ile ya wasikilizaji wenyewe, maana mmoja alilisikia jina la mji vibaya na mwingine akamsahihisha, mwenye Kifaransa akaeleza neno alilolipata katika idhaa nyingine, na mzee akakumbusha kwamba jambo kama hilo liliwahi kusemwa na halikutimia. Naisifu desturi ile kwa moyo wote, kwani ilimfundisha mtu kuipima habari kabla ya kuibeba. Hata hivyo baraza ile haikustahimili vita. Maasi dhidi ya serikali ya Kongo yalipoingia Uvira Mei 1964, na kila mara mji ulipobadilisha mikono baada ya hapo, idhaa aliyoifungulia mtu iliweza kuwaambia majirani moyo wake uko upande gani, na kufungua redio kwa sauti kubwa likawa jambo la kufikiriwa mara mbili.

Simu za mkononi zilikuja katika hali hiyo. Kampuni ya Telecel, iliyoanzishwa na Miko Rwayitare mwaka 1986, iliwapatia wakubwa wa Kinshasa simu zisizo na waya mapema kuliko sehemu kubwa ya Afrika, lakini raia wa kawaida hakuzipata hata mitandao ya Celtel na Vodacom ilipoenea mwanzoni mwa karne hii. Wakati ule ule, tarehe 25 Februari 2002, Radio Okapi ilianza kutangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kikongo, Tshiluba na Kiswahili, kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle la Uswisi. Oktoba ya mwaka huo huo wapiganaji wa Mai-Mai waliuteka Uvira kwa siku chache, kisha kundi la waasi la RCD likaurudisha mikononi mwake. Kwamba habari ilikuwa kitu cha hatari kwaonekana katika misiba ya Bukavu, ambako waandishi wawili wa Okapi waliuawa, Serge Maheshe Juni 2007 na Didace Namujimbo Novemba 2008. Basi simu zenye FM zilipofika sokoni pamoja na ekuteri zake za waya, zilileta kitu ambacho redio ya dirishani haikuwahi kutoa: faragha. Mtu aliweza kulala kitandani gizani, waya ukishuka shingoni mwake, akaijua hali ya nchi bila ya kumjulisha mtu kwamba anaitafuta.

Thamani ya faragha hiyo ilidhihirika zaidi ng'ambo ya ziwa, nchini Burundi, mwaka 2015. Katika siku za jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei, vituo vya binafsi vya Bujumbura vilivamiwa na kuharibiwa, miongoni mwavyo RPA, ambayo ilikuwa ikisikika tangu mwaka 2001, na Isanganiro. Waandishi wengi walikimbia. Walioendelea na kazi, kama SOS Médias Burundi na Radio Inzamba ya uhamishoni, walitia sauti zao katika WhatsApp na SoundCloud, zikavuka mipaka kutoka simu hadi simu. Habari kama ile haikuwa ya kutiwa katika bafle, yaani spika, mbele ya nyumba. Ilikuwa ya ekuteri, na mlango ukiwa umefungwa. Wakimbizi waliovuka kuja kwetu, wakapelekwa kambi ya Lusenda katika eneo la Fizi, walikuja na simu hizo, na ndani yake sauti za nchi waliyoiacha.

Zamu yetu ilifika baada ya uchaguzi. Tarehe 31 Desemba 2018 serikali ya Kongo ilizima intaneti nchi nzima, ikabaki imezimwa hata tarehe 19 Januari 2019. Na mawimbi ya RFI, redio ya Ufaransa, nayo yakakatwa. Kwa siku hizo karibu 20 WhatsApp ilikuwa kitu kitupu, mega alizonunua mtu hazikumfaa neno, na hedifoni ya Bluetooth, hata iwe ya bei gani, haikuwa na la kumsomea mwenyewe ila nyimbo zilizokuwa zimekwisha kuhifadhiwa. Mwenye waya alikuwa na antena.

Sisemi haya kwa kuidharau Bluetooth, ambayo ni kazi ya akili inayostahili heshima. Ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Sweden, nchi ile ile iliyowaleta wamisionari Uvira, na Mholanzi Jaap Haartsen alikuwa miongoni mwa wavumbuzi wake wakuu. Mwaka 1998 Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba wakafungamana kuieneza. Simu na hedifoni huzungumza katika mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa kuruka baina ya njia 79 mara 1,600 kila sekunde, ili vyombo vingi vipitishe sauti mahali pamoja bila ya kugongana. Mwanzoni ilibeba sauti ya mazungumzo tu, kwa sikio moja. Stereo iliwezekana kwa kanuni ya mwaka 2003.

Mtazame motari, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, wa barabara ya taifa namba 5, atokaye Uvira kuelekea Sange. Sikio moja amelitia hedifoni, la pili ameliacha wazi kwa honi za malori, na afanya vyema. Simu ameiweka mfuko wa nyuma, na rumba inakatika-katika kila ainamapo, kwa sababu mwili wa mwanadamu una maji mengi, na maji huyanyonya mawimbi yale. Akiihamishia mfuko wa kifuani, muziki hutulia. Akisimama Kiliba akavaa zote mbili, hulisikia gitaa moja kushoto na la pili kulia. Lakini mara apigiwapo simu na maikrofoni ikafunguka, upana ule wote hutoweka, sauti ikawa moja, nyembamba, kwani njia ile ile yapaswa sasa kwenda na kurudi, na nafasi ya stereo haibaki.

Na ndani ya vitu hivyo vidogo imo nchi yetu. Betri ya hedifoni aghalabu ina kobalti, na Kongo ndiyo itoayo karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, nyingi yake kutoka upande wa Kolwezi; katika simu mna tantali, itokayo katika koltani, na bati litokalo katika kasiterite, madini ambayo Kivu inayajua kwa jasho na kwa damu. Yaniuma kwamba chombo kilichotoka katika ardhi yetu humrudia mwenye ardhi kwa dola asizokuwa nazo, na kwamba wanaokichora umbo lake hawamfikirii yeye wanapoamua tundu lipi lizibwe.

Tundu lenyewe lilizibwa na Apple Septemba 2016, ilipotoa iPhone 7 bila ya mahali pa kuchomeka hedifoni, na wengine wakafuata. Mwaka uliofuata, tufani Harvey, Irma na Maria zilipoiharibu mitandao ya simu katika sehemu za Marekani na Puerto Rico, mkuu wa tume ya mawasiliano ya Marekani, Ajit Pai, aliitaka kampuni hiyo iziamshe redio za FM katika simu zake. Ikajibu kwamba iPhone 7 na 8 hazina chombo cha FM wala antena yake. Simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa Uvira bado zina vyote viwili, redio na tundu, na maadamu zinavyo, ekuteri ya waya yastahili kukaa mfuko mmoja na hedifoni ya Bluetooth.