Jina la Mungu na Hesabu ya Maneno katika Maandiko Yasomwayo Njombe na Makambako

Kuhesabu maneno ya Maandiko ni elimu ya zamani. Wanazuoni wa Kiyahudi waitwao Wamasora, waliofanya kazi yao baina ya karne ya 6 na karne ya 10, waliandika pembeni mwa kurasa ni mara ngapi neno fulani hutokea, ili mwenye kunakili asipunguze wala asizidishe. Hesabu kwao ilikuwa ulinzi wa matini. Siku hizi kompyuta huifanya kazi hiyo kwa nukta chache, na jumla ipatikanayo hutajwa katika mahubiri na mijadala kana kwamba ni sifa ya Maandiko yenyewe. Lakini historia ya tafsiri zisomwazo katika nyanda za Njombe na Makambako yaonyesha kwamba jumla hiyo, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya mfasiri.

Wamisionari wa Kilutheri wa Chama cha Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakapanda Ukinga, na kabla ya karne ya 19 kwisha walikuwa wamekwisha kuingia Ubena, ambako Kidugala, si mbali na Makambako, kilikuwa kituo chao kimojawapo. Wabena na Wakinga walimwita Muumba Nguluve, Wahehe wakamwita Nguluvi, na Wanyakyusa Kyala. Katika sikio la mtu wa pwani jina Nguluve lakaribia jina la mnyama aliye haramu kwa Waislamu. Hata hivyo lilikuwa jina la heshima kwa wenyeji, nalo likakubaliwa kanisani. Kwa hiyo Mbena aliyejua lugha mbili alikuwa na majina mawili, Nguluve la nyumbani na Mungu la Kiswahili, kwa neno moja la Kiyunani, *theos*, litokealo mara zipatazo 1,300 katika Agano Jipya.

Katika Agano la Kale jambo ni gumu zaidi. Kwa Kiebrania, Jina lenye herufi nne, ambalo Wayahudi hawalitamki, hutokea mara zaidi ya 6,800. Neno *Elohim*, yaani Mungu, hutokea mara zipatazo 2,600. Basi Jina lapita neno hilo zaidi ya maradufu. Biblia ya Union, iliyotolewa mwaka 1952 ili kuunganisha wasomaji wa tafsiri za Unguja na za Mombasa, huliandika Jina hilo BWANA, kwa herufi kubwa. Asomaye kwa macho huiona tofauti. Asikilizaye ibadani haisikii. Masikioni mwake BWANA wa Musa, Bwana Yesu, bwana wa mtumwa na bwana wa shamba ni neno moja.

Biblia Habari Njema, iliyokamilika katika miaka ya 1990, ilishika njia nyingine: huliandika Jina lile lile Mwenyezi-Mungu. Katika Union neno "Mwenyezi" hutumika hasa kwa *Shaddai*, litokealo mara 48 katika Kiebrania, na mara 31 kati ya hizo zimo katika kitabu cha Ayubu. Hivyo mwenye kuhesabu "Mwenyezi" katika Union hupata makumi, na katika Habari Njema hupata maelfu. Matini ya Kiebrania haikubadilika hata herufi.

Mfano wa pili ni kitabu cha Esta. Katika Kiebrania Mungu hatajwi humo hata mara moja. Katika nyongeza za Kiyunani zilizomo katika Biblia ya Wakatoliki hutajwa mara nyingi. Mlutheri na Mkatoliki wa Njombe waweza kuulizana swali moja wakapata majibu mawili, na kila mmoja akawa amesema kweli ya kitabu chake.

Makambako, mahali barabara ya Songea iachanapo na ile iendayo Mbeya, na ambapo reli ya TAZARA hupita, Wakristo na Waislamu huchanganyika kila siku. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, katika tafsiri yake ya Kurani iliyotolewa kamili mwaka 1969, alitumia Mwenyezi Mungu kwa jina *Allah*, litokealo humo mara zipatazo 2,700. Msamiati wa dini mbili umekutana. Lakini neno linalosimama nyuma ya kila moja si lile lile. Mwenye kulinganisha hesabu za vitabu hivi kwa Kiswahili peke yake hulinganisha maamuzi ya wafasiri.

Mtafiti wa lugha hana budi, basi, kutaja kwanza matini, tafsiri na mwaka wa toleo, kisha kuonyesha ni neno gani la asili lililowekwa chini ya neno la Kiswahili au la Kibena. Hesabu ifanywayo hivyo ina faida kubwa: hufunua jinsi kila kizazi cha wafasiri kilivyomfikiria msikilizaji wake. Isipofanywa hivyo, hoja ya imani hujengwa juu ya idadi ambayo toleo litakalofuata laweza kuibadili.