Beki Hulelewa: Mathias Kiwanuka na Mabeki Chipukizi wa Mwanza

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, vijiwe vya soka jijini Mwanza huulizana swali moja: nani atatufungia mabao? Beki hutajwa baadaye, tena mara nyingi kwa lawama. Hoja ya makala haya ni kwamba mji wa soka hupimwa kwa namna unavyomlea beki kijana, kwa kuwa kipaji chake hakikomai bila shule, kocha mvumilivu, hospitali na mkataba unaomlinda. Mfano wangu mkuu unatoka katika mchezo mwingine, lakini una asili ng'ambo ya ziwa letu.

Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1983. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, aliiongoza Uganda kama waziri mkuu wake wa kwanza ilipokuwa ikielekea uhuru, kisha akawa Jaji Mkuu, mpaka Septemba 1972 askari wa Idi Amin walipomkamata Mahakama Kuu na kumuua. Mjukuu alichagua futiboli ya Kimarekani. Kazi yake ilikuwa kuupenya ukuta wa wapinzani na kumwangusha mpangaji wa mashambulizi kabla hajaurusha mpira. Alijifunza kazi hiyo akisoma Boston College, akaondoka hapo na rekodi ya chuo ya kuwaangusha wapangaji mara 37.5, nusu hutokana na tukio ambalo wachezaji wawili hugawana. Mwaka 2006 timu ya New York Giants ilimteua katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya, nafasi ya 32.

Msimu huohuo wa kwanza alifanya kosa ambalo kwingine lingemmaliza. Giants walikuwa wakiongoza 21 kwa 0 dhidi ya Tennessee Titans. Katika robo ya mwisho Kiwanuka alimkumbatia mpangaji wa Titans, Vince Young, akamwachia akidhani mpira umekwisha kurushwa, kwa kuogopa adhabu ya kumwangusha aliyekwisha kuurusha. Young alikuwa bado nao. Alikimbia, Titans wakaendelea kushambulia, wakashinda 24 kwa 21. Mshambuliaji akikosa bao la wazi, watu hushika vichwa na kusubiri nafasi ijayo. Beki akikosea namna hiyo kwetu, jukwaa zima litasema ameuza mechi. Giants hawakumtupa kijana wao. Mwaka uliofuata walimfundisha nafasi mpya nyuma ya mstari wa mbele, maana wakati huo pembeni mwa mstari huo, alikozoea kucheza, walikuwapo tayari Michael Strahan na Osi Umenyiora. Kumbadilishia beki nafasi ni uwekezaji wa saa nyingi za mazoezi na za kutazama picha za mechi, na timu huwekeza hivyo kwa mtu inayeamini atakuwapo kesho.

Novemba 2007 alivunjika mfupa wa mguu. Timu yake ilipotwaa ubingwa wa Super Bowl Februari 2008, yeye alikuwa majeruhi. Mwaka 2010 jeraha la diski ya shingo lilimtoa uwanjani karibu msimu mzima. Alirudi 2011, na Februari 2012 alikuwa uwanjani Giants walipotwaa tena ubingwa kwa kuwafunga New England Patriots 21 kwa 17. Aliachwa mwaka 2015, baada ya misimu tisa katika timu moja. Kati ya kuumia na kurudi palikuwa na orodha rasmi ya majeruhi, madaktari, na chama cha wachezaji kilichoanzishwa mwaka 1956 ambacho hujadiliana na wenye timu kuhusu masharti ya kazi. Hapo ndipo ninapoona siri ya miaka yake tisa.

Mkenya Daniel Adongo anatuonyesha upande wa pili. Mwaka 2013 alitoka kwenye raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts, akapangwa katika ulinzi bila kupitia futiboli ya chuo. Alikuwa na mwili na kasi ya kutosha. Hata hivyo alicheza mechi chache tu, na mwaka 2015 akaachwa. Ulinzi ni elimu ya kusoma mchezo, na elimu hiyo haipatikani kwa miezi.

Mwanza haianzii sifuri. Taasisi ya Alliance ya hapa jijini imeunganisha shule na soka, na timu yake ilicheza Ligi Kuu hadi iliposhuka mwaka 2020. Israel Mwenda, beki wa kulia aliyepitia Alliance, alikwenda klabu ya KMC na kisha Simba mwaka 2021. Klabu ya Pamba Jiji ilirejea Ligi Kuu mwaka 2024. Hospitali ya Bugando ipo, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kipo Nyegezi. Kinachokosekana ni uzi wa kuviunganisha.

Atakayesema kwamba tunalinganisha mabilioni ya Marekani na umaskini wetu atakuwa na hoja nusu. Fedha zao hatuna. Lakini Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi tunao, kwa sheria ya mwaka 2008, na mchezaji mwenye mkataba wa ajira ni mfanyakazi anayeweza kuumia kazini kama fundi wa kiwandani. Kanuni za FIFA nazo hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Kumlea beki kwa subira kuna malipo, mradi kumbukumbu za usajili wake zitunzwe tangu utotoni.

Kwa hiyo naziomba klabu za Mwanza, kabla ya msimu ujao, zifanye mambo mawili yasiyohitaji mfadhili: zimwandikishe kila mchezaji mwenye mkataba katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na ziweke katika mkataba wa kila kijana kifungu cha kuendelea na masomo na matibabu hata akiwa majeruhi.