Mikoba ya risasi ya kale: Mng'aro waweza kuiponza

MIKOBA ya ngozi iliyobebea risasi za askari katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe nchini Marekani, kati ya 1861 na 1865, ni miongoni mwa zana kuukuu za kijeshi zinazosakwa mno na wakusanyaji. Hata hivyo, anayejitosa bila maarifa huweza kununua kilichoghushiwa, au kuharibu cha asili kwa mikono yake mwenyewe.

Askari wa miguu wa jeshi la Muungano alibeba risasi 40 mkobani. Kila risasi ilifungwa kwa karatasi pamoja na baruti yake, na baruti ikilowa, bunduki haikulia. Ndiyo sababu mkoba uliwekewa vifuniko viwili vya ngozi, na ndani vikopo viwili vya bati.

Mnunuzi huongozwa na alama. Mikoba mingi ilipigwa mhuri wa mtengenezaji au wa mkaguzi. Ya awali ilikuwa na bamba la shaba lenye herufi US kwenye kifuniko cha nje, ilhali katika muundo wa 1864 herufi hizo zilichapwa kwenye ngozi yenyewe. Mkoba wenye herufi zilizochapwa na bamba pia wapaswa kutiliwa shaka.

Majimbo ya Kusini yalipopungukiwa na ngozi, mafundi wake waligeukia vitambaa vizito vilivyopakwa rangi. Vifaa vyao ni adimu, bei yake ni ghali, na kwa hiyo walaghai huviiga zaidi.

Hatari nyingine ni hamu ya kung'arisha. Ngozi iliyoliwa na asidi hugeuka unga mwekundu, na hakuna mafuta yawezayo kuirejesha. Mafuta huiongezea weusi, hunasa vumbi na kualika kuvu. Inatosha kuipangusa vumbi kwa brashi laini, kuijaza karatasi isiyo na asidi ili isibonyee, na kuiweka pakavu mbali na jua. Mshipi uliokauka usikunjwe, kwani hukatika.

Risasi ikikutwa ndani, isichezewe. Baruti kavu huweza kulipuka hata baada ya miaka 150.

Mikwaruzo, viraka na majina yaliyochongwa kwa kisu ndivyo vinavyomshuhudia askari aliyeuvaa mkoba. Vikishafutwa, havirudi.