Mawele, Mpunga na Neno "Kukabiliana"

Katika tafsiri nyingi za historia na jiografia tunasoma kwamba watu wa kale "walikabiliana na mazingira yao". Wainka wa milima ya Andes, tunaambiwa, walikabiliana na miteremko kwa kujenga matuta. Waazteki wa Mexico walikabiliana na maziwa kwa kurundika tope na majani hata wakapata vishamba vya kulima. (Wako wanaoviita vishamba hivyo, yaani chinampa, "bustani zinazoelea", ilhali havielei hata kidogo, vimekaa juu ya sakafu ya ziwa.) Kukabiliana ni kuelekeana uso kwa uso, na aghalabu husemwa juu ya mahasimu. Je, ndivyo mambo yalivyokuwa?

Hatuna haja ya kwenda Peru kutafuta jibu. Huko Tumbe, kaskazini mashariki ya Pemba, palikuwa na makazi makubwa baina ya karne ya 7 na ya 10. Wachimbaji wa mambo ya kale waliutia majini udongo wa pale, punje zilizoungua zikaelea, wakazikusanya. Nyingi zilikuwa za mawele. Lakini katika magofu ya Chwaka, mji jirani uliostawi tangu karne ya 11, mpunga ndio uliozidi.

Sasa, mawele ni nafaka ya nchi kavu, na Pemba ni kisiwa cha mvua nyingi, chenye vilima na mabonde yanayotuama maji. Mwenye kulishika neno "kukabiliana" atasema kwamba mazingira hatimaye yaliwashinda wakulima wa mawele. Hoja hiyo haisimami. Mvua haikuanza karne ya 11. Mabonde yalikuwapo, na punje chache za mpunga zimeonekana hata Tumbe kwenyewe. Watu walikula mawele kwa karne kadhaa kando ya mabonde hayo kwa hiari yao. Wachunguzi wanauhusisha mpunga na karamu, na heshima ya mji, na biashara ya ng'ambo. Hatushangai: nani katika sisi aliyealikwa arusini akaandaliwa uji wa mawele?

Mkulima wa Pemba akisema anakwenda bondeni, maana yake ni shamba la mpunga. Ardhi na kazi vimekuwa neno moja. Uhusiano wa namna hiyo hauelezwi kwa "kukabiliana", wala kwa "kuzoea", ambalo lamfanya mtu kuwa mvumilivu tu. Sisi twapendekeza "kuchukuana na mazingira", kama nguo na rangi zinavyochukuana: pande mbili, kila mmoja ukiukubali mwenziwe, na nafasi ya kuchagua ikibaki.

"Kukabiliana" tuliachie misiba ya ghafla, mathalani kimbunga cha 1872 kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja.