Wanafunzi wa Kudumu

Katika vitabu vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viwanja vya mafunzo hupewa aya moja, mbili zikizidi. Rubani alijifunza mahali fulani, akavishwa nishani ya mabawa, akapelekwa vitani, na hapo ndipo mwandishi anapoanza kuchangamka. Mimi nimevutwa zaidi na viwanja ambavyo watu hawakutoka. Kimojawapo ni Freeman Field, karibu na mji wa Seymour, jimbo la Indiana, Marekani. Pale, mwezi Aprili 1945, neno "mwanafunzi" liligeuzwa kuwa uzio.

Mwanzo wake ni Tuskegee, Alabama. Mpaka mwaka 1941 jeshi la anga la Marekani halikuwa na rubani mweusi hata mmoja. Julai mwaka huo vijana 13 walianza mafunzo, na Machi 1942 wakahitimu watano, akiwemo Benjamin O. Davis Jr. Vita vilipokwisha, marubani karibu 1,000 walikuwa wamepita Tuskegee. Sehemu hii inafahamika, na filamu zimetengenezwa.

Kisichosimuliwa sana ni kikosi cha 477, kilichoundwa Januari 1944 ili kurusha B-25, ndege za kudondosha mabomu. Ndege ya kivita ya kiti kimoja humtaka rubani tu. B-25 inataka marubani wawili, mwongoza njia, mlenga mabomu, fundi, mtu wa redio na wapiga bunduki, na wote hao lazima wazoeane mpaka mmoja ajue mwenzake atafanya nini kabla hajasema. Kazi hiyo inahitaji utulivu. Kikosi cha 477 hakikupewa utulivu. Kilianza Selfridge Field, Michigan, ambako maofisa weusi walizuiwa kuingia klabu ya maofisa, ingawa kanuni ya jeshi ya mwaka 1940 ilisema klabu ni ya maofisa wote wa kituo. Mei 1944 kikahamishiwa Godman Field, Kentucky. Huko maofisa weupe walikwenda kunywa Fort Knox, kambi jirani, kama wageni waalikwa, na weusi wakaachiwa klabu ya Godman. Machi 1945 kikahamishwa tena, sasa Freeman.

Freeman hapakuwa na kambi jirani ya kukimbilia. Kamanda, Kanali Robert Selway, akatafuta njia nyingine. Aliweka klabu mbili: Namba Moja ya "wanafunzi", Namba Mbili ya wakufunzi na wasimamizi. Rangi haikutajwa popote. Ilitokea tu kwamba maofisa weusi wote waliandikwa kuwa wanafunzi, wakiwemo waliokwisha kupigana Ulaya na kurudi, na hata wale ambao kazi yao haikuhusu mafunzo ya urubani hata kidogo. Wanaotoka katika nchi ambazo mzee wa miaka sitini aliitwa "boi" na mtoto wa bwana wake hawahitaji kuelezwa ujanja huo. Mtu ambaye hamalizi kujifunza hawezi kudai chochote, maana zamu yake haijafika.

Usiku wa tarehe 5 Aprili maofisa weusi walikwenda Klabu Namba Mbili kwa makundi madogo madogo, wakaomba kuhudumiwa. Kundi moja likikamatwa, jingine lilifuata. Kufikia siku ya pili waliokamatwa walikuwa 61. Wengi waliachiwa upesi, lakini Selway akatoa kanuni mpya yenye namba 85-2, akaagiza kila ofisa atie saini kwamba ameisoma na kuielewa. Waliitwa mmoja mmoja. Walionywa kwamba kukaidi amri ya mkubwa wakati wa vita ni kosa ambalo adhabu yake yaweza kuwa kifo.

Maofisa 101 walikataa kutia saini. Mmoja wao alikuwa Coleman Young, ambaye baadaye angekuwa meya wa Detroit kwa miaka 20.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa jambo lenyewe. Kuingia klabu kwa kundi kunaweza kuwa mchemko wa damu. Kukaa peke yako mbele ya meza, kalamu iko pale, wakubwa wanakutazama, na neno "kifo" limetamkwa, ni habari nyingine kabisa. Nami sikubaliani na wanaoliita tukio hili ugomvi wa baa. Hakuna aliyekuwa na kiu kiasi hicho.

Walisafirishwa hadi Godman chini ya ulinzi. Magazeti ya watu weusi na vyama vya haki za raia walipiga kelele, na kabla Aprili haijaisha wakaachiliwa, kila mmoja na barua ya karipio katika jalada lake. Watatu walifikishwa mahakama ya kijeshi. Wawili walionekana hawana hatia, na wa tatu, Luteni Roger Terry, akatozwa faini ya dola 150 kwa kumsukuma ofisa mlangoni. Selway aliondolewa, na Davis, mhitimu yule wa 1942, akakabidhiwa kikosi. Japani ilisalimu amri kabla kikosi cha 477 hakijadondosha hata bomu moja vitani.

Mwaka 1995 Jeshi la Anga lilifuta hatia ya Terry, likaondoa makaripio kwenye majalada ya maofisa 15 walioomba. Terry alirudishiwa na dola zake 150.