Mraba, Duara na Neno "Afua": Historia Fupi ya Michoro katika Majaribio ya Tiba

Kusudi la makala hii ni kueleza jinsi watafiti wa tiba walivyofikia hatua ya kuchora mambo ambayo kwa muda mrefu waliyaeleza kwa maneno tu, na kuonyesha kwa nini historia hiyo inamhusu mfasiri wa Kiswahili kama inavyomhusu daktari. Nyaraka zetu za afya hutumia neno afua kwa maana ya jambo lolote linalofanywa makusudi ili kubadili hali ya afya ya watu. Neno limeenea, na halisumbui mpaka mtu aulize: hiyo afua hasa ni kitu gani, inafanywa na nani, na mara ngapi? Hapo wengi hukwama, wala si wafasiri peke yao.

Majaribio ya kwanza hayakuhitaji mchoro. Mwaka 1747 James Lind, tabibu katika manowari ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa kitu chake: mvinyo wa matofaa, asidi iliyozimuliwa, siki, maji ya bahari, machungwa na malimau, au dawa ya kusagwa yenye viungo. Waliokula machungwa na malimau walipata nafuu upesi kuliko wengine. Hata jaribio mashuhuri la streptomaisini, lililotangazwa mwaka 1948 na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, lilielezeka kwa urahisi. Wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa 107. 55 walipewa sindano za streptomaisini pamoja na kupumzishwa kitandani, na 52 walipumzishwa tu. Baada ya miezi 6, waliokufa walikuwa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Mgawanyo ulifanywa kwa namba za nasibu zilizofichwa ndani ya bahasha, ili daktari asiweze kuchagua nani aingie kundi gani. (Neno nasibu latufaa hapa. Bahati nasibu, ambalo wafasiri wengine hulitumia, humpeleka msomaji kwenye tiketi na zawadi.)

Katika majaribio hayo, tiba ilikuwa kitu kimoja chenye jina moja. Taabu ilianza pale watafiti walipotaka kupima mambo yenye sehemu nyingi: mafunzo ya wauguzi, ushauri nasaha, ziara za nyumbani, mpangilio mpya wa zahanati. Mfano ulio bora kwa wasomaji wetu ulitokea hapa Tanzania.

Jaribio la Mwanza lilianza mwaka 1991, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995. Swali lilikuwa hili: je, tukitibu vizuri zaidi magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida vya vijijini, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yatapungua? Jamii 12 zilipangwa katika jozi 6, na kila jamii ilikuwa ni watu wanaohudumiwa na kituo kimoja cha afya pamoja na zahanati zake. Katika kila jozi, jamii moja ilipata utaratibu mpya na nyingine ikaendelea na huduma zake za kawaida. Watu wazima wapatao 12,500 waliandikishwa na kufuatiliwa kwa miaka miwili. Walioambukizwa katika jamii zenye utaratibu mpya walikuwa asilimia 1.2, na katika jamii linganishi asilimia 1.9, yaani upungufu wa takriban asilimia 40.

Sasa tuulize: ni kitu gani kilichopunguza maambukizi? Utaratibu huo ulikuwa na sehemu 5: kliniki ya rufaa ya magonjwa ya zinaa, mafunzo ya watumishi, ugavi wa dawa usiokatika, ziara za usimamizi za mara kwa mara, na elimu ya afya kwa wananchi. Dawa peke yake si "afua ya Mwanza", wala mafunzo peke yake siyo. Mkoa mwingine ukitaka kuiga, hauna budi kujua kila sehemu ilifanywaje, kwa mfuatano gani, na ipi ilirudiwa.

Mchoro ulikuwapo tayari katika fani nyingine. Frank na Lillian Gilbreth, Wamarekani waliochunguza utendaji wa kazi, waliwaonyesha wahandisi mwaka 1921 chati za hatua za kazi, ambamo kila aina ya tendo ilikuwa na alama yake. Katika majaribio ya tiba, mchoro uliotangulia kukubalika kila mahali ulitoka katika mwongozo wa CONSORT wa mwaka 1996. Ni chati ya mtiririko ionyeshayo watu wangapi waliandikishwa, waligawanywaje, wangapi walipotea njiani, na wangapi walihesabiwa mwishoni. Ni chombo kizuri, lakini kinahesabu watu. Hakisemi watu hao walifanyiwa nini. Mwaka 2000 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa mwongozo wa kupima afua changamano (uliorekebishwa mwaka 2008 na tena 2021), na hata baada ya hapo maelezo yaliendelea kuwa hafifu. Uchunguzi wa Paul Glasziou na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulipitia ripoti 80. Pale tiba ilipokuwa dawa, maelezo yalitosha katika asilimia 67 ya ripoti. Pale ilipokuwa si dawa, yalitosha katika asilimia 29 tu.

Katikati ya hali hiyo, mwaka 2007, Rafael Perera, Carl Heneghan na Patricia Yudkin wa Oxford walipendekeza katika British Medical Journal mchoro sahili mno. Kila kundi la jaribio lina safu yake, na wakati unashuka kutoka juu kwenda chini. Mraba ni kitu: dawa, kijitabu, kifaa. Duara ni tendo: kufundisha, kutembelea, kushauri. Mambo yafanywayo pamoja huwekwa bega kwa bega. Yanayofuatana huwekwa moja chini ya jingine. Kila alama hupewa herufi, na chini ya mchoro huwekwa ufunguo unaoeleza herufi hiyo ni jambo gani, linafanywa na nani na kwa muda gani. Wengine walifuata na michoro yao, mathalan Richard Hooper na wenzake mwaka 2013, lakini kwa mfasiri mchoro wa mraba na duara ndio wenye faida kubwa, kwa sababu unamlazimisha mwandishi kuchagua: hiki ni kitu au ni tendo?

Tujaribu kuuchora Mwanza kwa mtindo huo, ingawa ripoti ya 1995 ilitangulia mchoro wenyewe kwa miaka 12. Katika safu ya utaratibu mpya tutaona duara la mafunzo, chini yake mraba wa dawa, na kando yake duara la matibabu ya mgonjwa anayekuja mwenyewe. Kisha duara la ziara ya usimamizi likirudi tena na tena hadi chini ya ukurasa. Sasa tuweke kando jaribio la Rakai, nchini Uganda, lililochapishwa mwaka 1999. Huko jamii zilikuwa 10. Watafiti walikwenda nyumbani kwa watu kila baada ya miezi 10 na kumpa viuavijasumu kila mtu mzima aliyekubali, awe na dalili au asiwe nazo. Kundi linganishi lilipewa vitamini na dawa ya minyoo. Maambukizi ya virusi vya UKIMWI hayakupungua. Watu walishangaa, kwa kuwa kwa maneno majaribio yote mawili yalikuwa ya "kutibu magonjwa ya zinaa ili kuzuia UKIMWI". Kwa mchoro hayafanani hata kidogo: moja ni safu ndefu ya maduara yasiyokatika, na jingine ni miraba michache iliyotengana kwa miezi 10.

Hata hivyo, mchoro usibebeshwe usichoweza kubeba. Sehemu kubwa ya tofauti ya matokeo ilielezwa baadaye na watafiti kwa hali ya jamii zenyewe: Mwanza watu wapatao asilimia 4 walikuwa na virusi, na Rakai wapatao 16, nako ugonjwa ulikuwa umekwisha kukomaa. Hakuna mraba wala duara lionyeshalo hilo.

Turudi kwenye neno letu. Afua lina nasaba moja na afya, na katika matumizi ya zamani maana yake ni kuokoka au kupona. Hapo pana hatari. Mtu anayeombwa kushiriki katika jaribio, akisomewa fomu ya ridhaa isemayo kwamba kundi lake "litapewa afua", ana haki ya kuelewa kwamba atapewa uponyaji, ilhali jaribio linafanywa kwa sababu hakuna ajuaye kama jambo hilo litamfaa. Wazee walikuwa waangalifu zaidi waliposema afua ni mbili, kufa na kupona. Kwa maoni yangu neno hili libaki katika mipango na taarifa za wataalamu, ambako limekwisha kuzoeleka, lakini lisiingie katika fomu ya ridhaa. Humo zitajwe sehemu zenyewe kwa majina yake, na mchoro wenye ufunguo ndio utakaompa mfasiri majina hayo.

Kazi hiyo si rahisi kama inavyoonekana. Chukua elimu ya afya. Kwa Kiswahili fungu hili linabeba kijitabu, bango, hotuba ya mkutano wa kijiji na mazungumzo ya muuguzi na mama mmoja. Mawili ya kwanza ni miraba, mawili ya mwisho ni maduara. Huduma ni gumu zaidi, kwani laweza kumeza ukurasa mzima wa alama. Ngeli zetu zina msaada hapa: duara lipewe jina la kitenzi, kufundisha, kutembelea, kukagua, na mraba upewe nomino ya kitu kinachoshikika. Mfasiri asiyeweza kufanya hivyo na amwulize mtafiti kabla ya kuandika. Ninapendelea pia kusema kundi badala ya "mkono wa jaribio", na kundi linganishi badala ya "kundi la kudhibitiwa", maana anayedhibitiwa kwetu ni mhalifu au moto.

Limebaki jambo dogo la herufi. Ufunguo wa mchoro hutumia a, b, c, ingawa katika tahajia yetu sanifu c haisimami peke yake bila h. Wako watakaopenda kuandika a, b, ch. Mimi ningeiacha c kama ilivyo, kama nyaraka za serikali zinavyofanya katika vifungu vyake, kwa sababu mchoro wa Kiswahili utawekwa mezani pamoja na ule wa Kiingereza mbele ya kamati ya maadili, na duara c lazima liwe lile lile katika karatasi zote mbili.