Kipuri cha kompyuta kikiharibika wakati wa kufunga: hasara ni ya nani?

Kambi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, iko kilomita zipatazo 40 kutoka Lilongwe. Fundi wa kambini anayenunua prosesa au madabodi mjini huifunga mwenyewe akifika. Kikiharibika mikononi mwake, nani alipe?

Kanuni ya msingi

Katika sheria za mauzo zenye asili ya Uingereza, ikiwamo ya Malawi, mali ikishakuwa ya mnunuzi, hasara ya kuharibika nayo humfuata, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Muuzaji hubaki na wajibu kwa kipuri kilichokuwa kibovu tangu dukani. Fundi wa duka akikifunga na kukiharibu, mnunuzi hulidai duka.

Ugomvi huwa kwenye ushahidi

Pini zilizopinda huonekana, na waranti nyingi hukataa madhara ya ufungaji mbaya. Pawa saplai yenye swichi, ikiachwa kwenye 115 katika nchi ya umeme wa volti 230 kama Malawi, huungua mara moja. Umemetuli ni mgumu zaidi: mtu huhisi cheche ikifika volti 3,000 hivi, ilhali chipu yaweza kufa kwa volti mia chache au pungufu, bila alama yoyote. Hatari huzidi majira ya kiangazi, hewa ikiwa kavu.

"Kikiuzwa hakirudishwi"

Tangazo hili haliondoi haki ya mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu. Malawi ilitunga sheria ya kulinda walaji mwaka 2003, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani na Biashara ya Haki. Lakini haki hiyo haimlindi aliyevunja kipuri kwa mkono wake.

Mzigo wa kuvuka mpaka

Kwa kipuri kutoka Kariakoo, usitegemee kanuni za COMESA: Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Kinga yako ni risiti na makubaliano na muuzaji. Msafirishaji naye afungue katoni mbele ya mpokeaji na kupata sahihi, asije akabebeshwa kosa la ufungaji.

La kufanya

1. Jaribu kipuri dukani, kikiwa kimewashwa, kabla ya kulipa.
2. Piga picha ya pini na namba ya kipuri.
3. Risiti iandikwe nani atafunga na siku za kurudisha.
4. Kabla ya kufunga, chomoa umeme na ushike chuma cha kasha.

Kwa mkazi wa Dzaleka hatua ya kwanza ndiyo kubwa. Tangu serikali iamuru wakimbizi warudi kambini mwaka 2023, kurudi Lilongwe kudai si jambo jepesi, na nauli pamoja na siku iliyopotea vyaweza kuzidi bei ya memori yenyewe.

Ubishi humalizwa kwenye kaunta. Baada ya hapo, aliyeshika bisibisi ndiye atakayeulizwa.